Sakafu ya Samaki

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili aliponiandikia kuniomba insha, alinishauri nieleze jambo moja lililonifunza kitu tangu nilipotoka shuleni. Nadhani alitarajia habari za kazi, au za safari, au za mwaka 1980 tulipokimbia makwetu. Lakini nikikaa na kufikiri, naona kwamba kilichonifunza zaidi katika miaka hii ya karibuni ni mchanga. Najua wengine watacheka. Na wacheke, ila wasome hata mwisho.

Kwetu ni Pajulu, karibu na Arua. Baba yangu sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 80. Katika ujana wake alikuwa mchuuzi wa samaki. Alipanda baiskeli mpaka Rhino Camp, ukingoni mwa Nile, akalala huko kwa wavuvi, kisha akarudi na kapu la samaki wa moshi kuwauza sokoni Arua. Mara nyingine hakungoja wavuvi. Aliingia mtumbwini akavua mwenyewe. Mwaka 1980, watu wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, aliiacha baiskeli akatuchukua sisi. Tulikaa upande wa Aru, na huko ndiko nilikookota Kiswahili changu cha kwanza, kabla walimu hawajanisahihisha. Tuliporudi, baiskeli haikuwapo, wala nyumba haikuwapo. Baba akalima mihogo na tumbaku kama majirani, lakini mdomo wake haukuacha kuzungumza samaki.

Miaka michache iliyopita magoti yake yalianza kumshinda. Basi nikamjengea chumba katika nyumba yangu mpya, nikakiwekea vigae vyeupe vya kung'aa, kama vile mnavyoviona katika hoteli kubwa. Alinishukuru sana. Lakini wiki ya pili haijaisha akaanza kukaa barazani. Asubuhi yuko barazani, mchana yuko barazani, jioni yuko barazani, hata mvua ikimrushia manyunyu. Chakula tukampelekea huko huko. Nilijiambia, "Hiyo ndiyo desturi ya wazee," nikaliacha jambo hilo. Hata hivyo liliniudhi kidogo, maana nilikuwa nimetumia fedha nyingi.

Ndipo nikapata wazo la kumvuta ndani. Hoteli moja mjini ilikuwa ikiuza tangi lake la kioo la kufugia samaki. Nililinunua, nikalileta kwa lori, limefungwa magodoro pande zote. Urefu wake sentimita 180, upana 60, na kina 60. Wanafunzi wa hesabu wataona mara moja kwamba likijaa pomoni huchukua lita 648. Mimi nilikusudia kulijaza lita 600 hivi. Na lita 600 za maji ni kilo 600, bila kuhesabu kioo wala sakafu yake. Fundi akanijengea jukwaa imara la matofali na zege, tukaliweka tangi sebuleni, mahali ambapo mtu akiketi kitini samaki wako sawa na macho yake.

Sasa likaja swali la sakafu: tuweke nini chini ya tangi? Kila mtu nyumbani alikuwa na neno. Mama watoto alitaka vijiwe vyeupe vya marumaru, vile mafundi wanavyotumia kwa terazo, kwa kuwa vingepatana na vigae. Mtoto wangu wa mwisho alitaka mawe ya buluu yaliyopakwa rangi. Mpwa wangu alitaka moramu ya barabarani, kwa sababu ni ya bure. Nami, kwa kuwa ndiye niliyelipa, nilikata shauri: vijiwe vyeupe. Tulinunua karibu kilo 80. Watu wote wa nyumba walitoa maoni yao, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa barazani. Yeye hakuulizwa.

Nikanunua vifaranga 20 vya ngege kwa mfugaji mmoja mwenye mabwawa. Ngege ndiye samaki ambaye Watanzania humwita sato. Siku za kwanza sebule yetu ilipendeza ajabu. Majirani walikuja kutazama. Baba naye alikuja mara moja, polepole, mkono ukutani. Alisimama mbele ya kioo, akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Hawa wamekaa kama wageni wasiokaribishwa." Akarudi barazani kwake.

Kwa hakika alisema kweli, ingawa mimi sikutaka kuona. Samaki walikuwa wamesongamana pembeni, na rangi yao imepauka. Siku ya tisa tuliamka tukakuta wanne wanaelea. Kesho yake watano. Niliwapa chakula zaidi nikidhani wana njaa, na hilo likazidisha mambo. Wiki ya pili ilipokwisha tangi lilikuwa tupu, na sebule ilinuka. Baba alichukua jembe, akachimba shimo chini ya mwembe, akawafukia wote. Hakusema neno. Afadhali angalinikaripia.

Nilimwita rafiki yangu mmoja ambaye mlisoma naye baadhi yenu. Sasa ni mwalimu wa bayolojia. Nilimweleza kwamba mawe yameua samaki. Yeye aliokota kijiwe kimoja, akakikausha, akakikamulia ndimu. Kikatoa povu dogo. "Hiki ni chokaa kweli," akasema. "Ndimu ni asidi, na asidi ikikutana na chokaa hutoa gesi. Mawe kama haya yakikaa majini huyafanya maji kuwa magumu. Lakini usiyasingizie kuua. Ngege ni mvumilivu, na maji ya Ziwa Albert, ambayo hutiririka mpaka Rhino Camp, yenyewe yana asili ya magadi."

Kisha akakunja shati, akatia mkono ndani, akafukua vijiwe. Chini yake palikuwa peusi. Chakula chote tulichowapa samaki na hawakukila kilikuwa kimepenya katika nafasi kati ya kijiwe na kijiwe, mahali ambapo samaki hawawezi kukifikia, kikaoza huko. Akasema, "Hapa ndipo palipowaua."

Naomba niwaeleze wanafunzi jinsi alivyonieleza, maana yafaa kujulikana. Chakula kinachooza, pamoja na uchafu wa samaki wenyewe, hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Katika maji yaliyozoea kukaa na samaki wako bakteria wanaoishi juu ya punje za mchanga, juu ya mawe na ndani ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kama nyenzake. Lakini bakteria hawa hawaji siku moja. Huchukua wiki nne hata sita kuongezeka na kutosha. Mimi nilitia samaki 20 katika tangi jipya, juu ya sakafu inayoficha uchafu. Tena katika maji yenye magadi amonia huwa kali zaidi. Chokaa haikuwa muuaji, bali ilimnolea muuaji kisu.

"Sasa niambie sakafu ipi ni bora," nikamwomba.

Akacheka. "Swali lako halina jibu mpaka useme ni bora kwa nani." Akanitajia samaki wa nchi zetu hizi. Katika Ziwa Tanganyika wako samaki wadogo wanaoishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Hao ukiwanyima makombe umewanyima nyumba, na vijiwe vyangu vya chokaa visingewadhuru, maana maji ya ziwa lile ni ya magadi sana. Katika Ziwa Nyasa wako madume wanaorundika mchanga kama vichuguu ili kuwavutia majike. Kamongo hujichimbia katika tope bwawa linapokauka, akangoja humo mpaka mvua irudi. Tena wako samaki wadogo wenye rangi nzuri katika madimbwi ya msimu, hapa Uganda na kule pwani, ambao hutaga mayai yao topeni. Kiangazi huwaua wazazi wote, lakini mayai hubaki katika tope lile kavu, na mvua ikinyesha watoto huanguliwa. Kwa samaki huyo tope la chini ndilo lililobeba uhai wa ukoo wake wote.

"Haya," akamaliza, "na ngege wako je? Huko kwao mtoni hukaa juu ya sakafu gani, na huifanyia nini?"

Sikuweza kujibu. Nimekula ngege tangu utoto, nimesomeshwa kwa fedha za ngege, wala sikujua. Aliyejua alikuwa hatua 10 kutoka pale, barazani.

Nilikwenda nikaketi karibu naye. Nikamwuliza, "Baba, pale Rhino Camp, chini ya maji penye ngege pakoje?"

Alinitazama kwanza kuona kama namdhihaki. Kisha akaweka fimbo chini, akaanza kusema kwa mikono yote miwili. Alisema kwamba maji ya kando yakitulia, ukiinama kutoka mtumbwini waona mashimo ya mviringo mchangani, kama sinia zilizopangwa. Kila shimo lina dume lake. Dume huchimba kwa kinywa: huchota mchanga, husogea, huutema kando, hurudi kuchota tena. Jike huja akataga humo, kisha huyaokota mayai yake yote kinywani, akaondoka nayo, akayalea mpaka watoto watoke. Hata wakitoka, wakiona hatari hurudi kukimbilia kinywani mwa mama yao.

"Samaki huyu ni mkulima, mwanangu," akasema. "Wewe ulimpa mawe."

Jumamosi ile tulimpakia katika gari tukaenda naye mto Enyau, mahali vijana wanapochimba mchanga wa kujengea. Tulimwekea kiti ukingoni. Basi mzee huyu ambaye hakuwa ametoka uani kwa miezi mingi akawa bwana shauri. Nilimletea mchanga wa kwanza. Akausugua kati ya vidole: "Huu ni vumbi. Utalala kama uji." Nikamletea wa pili. "Huu ni kokoto." Wa tatu akausugua, akatia punje kidogo ulimini, akatafuna, akatema. "Huu hauna udongo. Chukua." Vijana wale waliacha mabeleshi wakasimama kumtazama.

Mimi nami, ili nisionekane nilikwenda shule bure, nilifanya majaribio yangu, na yeyote kati yenu aweza kuyafanya. Niliukamulia mchanga ule ndimu: haukutoa povu, maana yake hauna chokaa. Nikachukua chupa tatu, nikatia katika moja moramu, katika ya pili ule mchanga wa vumbi, na katika ya tatu mchanga aliouchagua baba. Nikajaza maji, nikatikisa, nikaziacha dirishani. Chupa ya baba ilitakata haraka. Ya vumbi ilikawia. Ya moramu ilikuwa bado nyekundu kama chai hata kesho yake. Majibu yalikuwa yale yale aliyoyatoa baba kwa vidole na meno, ila mimi nilichelewa kwa siku moja.

Kazi ya kuosha ilikuwa kubwa. Tuliuchekecha kwanza katika wavu wa dirisha ili vumbi lishuke, kisha katika chekeche ya mafundi ili mawe yabaki juu. Tukauosha beseni baada ya beseni, watoto wakikoroga kwa mikono, mpaka maji ya kumwaga yakawa safi kama ya kunywa. Wengine walihesabu mara 12. Mawe makubwa mawili tuliyaweka kwanza, yakakaa juu ya ubao mwembamba wa plastiki ili yasiumize kioo, ndipo tukamwaga mchanga kuyazunguka. Hilo pia lilikuwa shauri la baba: jiwe likiwekwa juu ya mchanga, samaki mchimbaji hulifukua chini yake likaanguka. Mchanga ulifika kina cha sentimita 5, wala hatukuzidisha, kwa sababu mchanga mzito usiopitisha maji huanza kutoa gesi inayonuka kama mayai yaliyooza. Tukaweka sahani juu ya mchanga, tukamiminia maji juu ya sahani ili yasiuchimbe. Kisha tukawasha pampu na chujio, tukangoja wiki sita. Tulitia samaki watatu tu kwanza, baadaye tukaongeza mpaka wakawa wanane. Chakula tuliwapa kidogo, nacho kilipoanguka kililala juu ya mchanga ambapo waliweza kukiona na kukila.

Hawakusongamana pembeni. Walizunguka chini wakichota mchanga na kuutema, rangi yao imekolea. Hapakufa hata mmoja.

Mwezi wa sita ulipopita, jioni moja, mtoto wangu alipiga kelele, "Babu! Babu! Njoo uone, samaki anachimba!" Nilikuwa nimeketi sebuleni. Nilitazama nikaona dume moja limejitenga upande wa kulia, linachimba kwa bidii, na shimo limekwisha kuwa duara kama sahani. Kisha nikamwona baba anaingia. Ametoka barazani haraka kuliko kawaida yake, lakini alipofika kwenye vigae akasimama. Akavua kandambili. Akaweka mikono yote miwili ukutani, akaanza kusogea, unyayo baada ya unyayo, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo lililolowa. Kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi si hatua nane. Alizivuka kwa muda mrefu.

Siku ile ndiyo niliyotazama miguu ya baba yangu kwa mara ya kwanza.

"Baba," nikamwuliza, "mbona unatembea hivyo?"

Macho yake yalikuwa kwa samaki. Akajibu bila kugeuka, "Sakafu yako ni nzuri, mwanangu, ukiitazama. Mimi natembea juu yake."

Kumbe katika wiki ile ya kwanza ya pili alikuwa ameteleza usiku, akaanguka, akakaa chini mpaka alipoweza kuinuka mwenyewe. Hakumwambia mtu. Aliona aibu kwa ajili yangu, kwa kuwa nilikuwa nimetumia fedha nyingi. Akachagua baraza, yenye saruji ya kukwaruza. Nami muda wote ule nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nikanunua tangi la lita 600 ili kumvuta ndani, badala ya kumwuliza swali la maneno manne.

Wiki iliyofuata nilimwita fundi. Vigae vya chumba cha baba na vya ujia vikang'olewa vyote. Tukamwaga saruji, na kabla haijakauka fundi akaipitishia ufagio mgumu ili iwe na mikwaruzo. Si sakafu ya kuwaonyesha wageni. Lakini siku ya tatu baba aliingia na fimbo moja tu, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai, akaketi mbele ya tangi.

Wenzangu mliohitimu, wengi wenu sasa mnajenga, na baadhi yenu mnawajengea wazazi. Nanyi wanafunzi, huenda mtafuga samaki, au kuku, au mtapewa watu wa kuwaongoza. Siwapi shauri la mchanga wala la vigae, kwa maana kila aliye chini ana haja yake. Nasema tu kwamba wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimesimama wima muda mrefu mno.

Tangi letu leo si la kupigwa picha. Madume huhamisha mchanga kila siku, na mara nyingine maji huwa na vumbi. Samaki waliozidi ukubwa tuliwapeleka bwawani kwa jirani, na watoto wao wamebaki. Wageni huniuliza kwa nini nisiweke vijiwe vyeupe. Navyo viko, vimetandazwa langoni pa kuingilia gari. Baba hushinda sebuleni, akiwasimulia wajukuu habari za Rhino Camp. Lakini bado ana lawama moja. Asema mchanga wa Enyau ni mzuri, ila ungekuwa wa Nile ngege wangeujua zaidi. Likizo ijayo itanibidi nimletee debe moja.